Brosheti ya Boila ya Masera

Mukiingia mu nyumba ya mutu, na maman mwenye nyumba akawaambia maji yake ya moto inanuka mayai ya kuoza, musicheke. Wala musikimbilie kumuambia anunue boila, ile tanki ya kupashia maji moto, mupya. Ninyi vijana wa leo munapenda sana ile neno, "mupya". Mukiona kitu kinavuja, mupya. Mukiona kitu kinanuka, mupya. Kama munaendelea vile, hata bibi akikohoa mutatafuta mupya.

Mara ya kwanza nilisikia ile maneno ya mayai, ilikuwa Muhumba, hapa Bukavu, kwa maman mumoja tulimuita Maman Riziki, mu moja ya zile nyumba Wabeleji waliacha, boila imesimama mu kona ya chumba cha kuogea, munene kama pipa. Miye na fundi mwalimu wangu, tulikuta vita ndani ya nyumba. Siyo vita ya masasi, ile ilikuwa haijafika bado. Maman Riziki alikuwa amefukuza mupishi, anasema anaficha mayai ya kuoza ili kumuaibisha. Mupishi kuondoka, harufu ikabaki. Sasa akamugeukia mama mukwe wake, eti ni dawa zake za kienyeji. Bwana akakasirika juu ya mama yake. Watu watatu wakasimama mbele yetu, kila mumoja anatuvuta shati atuelezee yake.

Muzee Cirhuza, mwalimu wangu wa kazi, aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Ile ilikuwa tabia yake, hakukata maneno ya mutu. Akainama, akanusa robine ya maji ya baridi. Akanusa robine ya moto. Akasema:

"Maman, mupishi arudi ku kazi yake. Mwenye kosa njo huyu," na akapiga boila kofi ku tumbo.

Kumbe maji ilikuwa imekaa muda murefu bila kutumika, vijidudu ikaingia, ikaanza kucheza na ile fimbo ya ndani, na harufu ikatoka pale. Tulimwaga maji yote, tukasafisha tanki na maji ya javel, dawa ya kuua vijidudu, tukabadilisha fimbo. Kesho yake mupishi alirudi, akatukaangia sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, na mama mukwe akakataa kabisa kumusalimia Maman Riziki mpaka sahani ikaisha. Miye nilicheka nusura nipaliwe na mufupa.

Bon. Sasa munauliza fimbo gani. Njo hapo kazi yangu yote iko, kaeni vizuri.

Tanki ya boila ni chuma. Maji na chuma haipatanaki, maji inatafuta kukula chuma kila saa, hata wewe umelala. Yule mutu alitengeneza boila ya kwanza alikuwa na akili mingi. Aliweka ndani fimbo ya magnésium, kitu laini, tamu kwa maji kupita chuma. Maji inaanza na ile tamu. Wakati inakula fimbo, tanki iko napumuzika. Siku fimbo imekwisha na hakuna mutu alibadilisha, maji inageukia tanki, na tanki ikitoboka, basi, muilie na muizike. Mu vitabu vyenu inaitwa anode. Muzee Cirhuza alikuwa anaiita mushumaa, juu inakwisha pole pole na hakuna mutu anaikumbuka.

Kuitoa haiko kazi ya nguvu, iko kazi ya subira. Kwanza munakata courant, ule umeme. Nasema tena: munakata courant! Munafunga maji ya baridi, munatoa ndoo moja ao mbili chini. Halafu boulon, ile bolti ya juu inashika fimbo. Ile boulon imelala pale miaka, haitaki kuamushwa na mutu hajui. Muzee alikuwa anaiweka tone ya mafuta, anaingiza kle ya kufungulia, anachomeka tiyo, bomba ya chuma, ku mukono ya kle ili ikuwe ndefu, kisha anaacha vile vile na kuomba chai. Watu wa nyumba wanashangaa: huyu fundi alikuja kutengeneza ao kutembea? Yeye anakunywa, anawauliza habari ya watoto, ya mukwe, ya ngombe kule Walungu. Chai ikikwisha, anasimama, anavuta na mukono moja, na boulon inalia kwiii, imefunguka. "Munaona," anasema, "ilikuwa inafikiri tu."

Sasa niwaambie juu ya huyu muzee, juu bila yeye hakuna hadisi.

Alikuwa mufupi, sauti kubwa, na alivaa kravati, tai ya shingoni, ku kazi. Ndiyo, plombier, fundi wa bomba za maji, na kravati! Akiingia chini ya évier, pa kuoshea sahani, anaitupa ku bega, akitoka anairudisha mbele. Bibi yake alikufa mapema, Mungu hakumupa watoto, na alikuwa na kitu kimoja tu alipenda hapa duniani kisha Mungu: Coccinelle yake, ile Volkswagen ya mugongo ya mviringo, rangi ya maziwa. Kila mwisho wa mwaka alishuka nayo mu plaine, ile bonde ya Ruzizi, mpaka Sange, kwa dada yake Vumilia, na kurudi na muchele ya Luberizi imejaa mbele na nyuma, yeye mwenyewe kichwa kinatoka dirishani kwa kukosa nafasi. Alikuwa anajisifu na injini yake mpaka tunachoka. "Moteur hii," anasema, "inakunywaka essence kidogo kupita ndege!"

Vita ikafika. Sitawaelezea mambo ya vita, wazazi wenu waliwaambia, na kama hawakuwaambia ni juu wako na sababu. Nitasema tu ile inahusu kazi. Basoda, wale askari, walikuwa wanabeba magari. Watu wakaanza kuficha: huyu anatoa matairi, ule anazika betri mu shamba ya migomba. Muzee Cirhuza aliniita, tukafungua moteur ya Coccinelle. Munajua ile gari, moteur iko nyuma, boulon nne tu na inashuka. Tukaibeba mu jikoni yake na kuifunika na magunia ya makala ya kupikia. Gari ikabaki mu kiwanja, juu ya mawe.

Basoda wakakuja kweli. Chef yao, mukubwa wao, akafungua capot, kile kifuniko cha nyuma, akakuta shimo.

"Moteur ezali wapi?" akauliza na Lingala yake.

Muzee akashika kichwa. "Aii, chef! Bandugu yako balikutangulia hapa, bakaibeba! Miye niko nalia mpaka leo!"

Chef akatukana wale ndugu zake, akaenda. Tulicheka ndani ya mikono yetu, tumekaa juu ya makala, na moteur chini yetu. Muzee akaipapasa. "Lala, mama," akaiambia. "Barabara ya Sange ikifunguka, nitakuamusha."

Kumbukeni ile neno.

Kisha siku kidogo, Masera Ponsiana akatuma mutu. Huyu masera, sista wa kanisa, alikuwa anaongoza maternité, nyumba ya kuzalia, moja ku mulima, ndogo, ya vitanda vichache. Mulijua baridi ya kule juu wakati ya mvua? Mutoto anatoka mu tumbo, kunamungojea upepo ya Kahuzi! Makala ilikuwa haipandi tena mu muji, juu njia za kijijini zilijaa watu na silaha. Kuni hivyo hivyo. Lakini courant ilikuwa inakuya kwa saa fulani, na masera alikuwa na boila kubwa ya zamani, tanki nzima nzima, ikipata courant kidogo inashika moto mpaka kesho. Ile boila njo ilikuwa inaosha kila mutoto na kila mama. Hakukuwa ingine.

"Papa Cirhuza," Masera akasema, "maji inatoka nyekundu kidogo."

Muzee hakuomba chai siku ile. Akafungua boulon, akavuta mushumaa, na ikatoka waya tu. Waya mutupu, myembamba kama ya kuanikia nguo. Magnésium yote ilikuwa imeliwa na tanki yenyewe ilikuwa imeanza kuliwa.

"Tubadilishe basi," Masera akasema.

"Na nini, Masera? Zile fimbo zilitokaka Kinshasa na Ulaya. Ndege hakuna, barabara hakuna. Duka ya Nyawera walivunja, wakabeba hata mulango."

"Na tanki ikitoboka?"

"Ile tanki iko na émail ndani, ngozi kama ya kioo. Ukiichoma na moto ya soudure, unaimaliza. Haitatengenezeka."

Masera Ponsiana alikuwa mwanamuke wa kucheka mingi, mwenye kifua kikubwa, anaimba akiosha watoto. Siku ile aliangalia vitanda vyake, kimoja kimoja. Na miye, niseme wazi: niliogopa. Juu bibi yangu Nabintu alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa tayari, na ni pale angezaa.

Kurudi nyumbani muzee alitembea mbele, kravati ku bega. Kwake, akaingia mu jikoni moja kwa moja, akaanza kutupa magunia ya makala huku na huku. Akachukua ndimu, akaikata. Akakwangua moteur kidogo mpaka ikangaa, akakamulia ndimu pale. Ikafanya povu, tsss! Akatoa mu mufuko kipande ya mushumaa ya zamani, akakamulia: tsss, povu ile ile. Akakamulia ku sufuria ya aluminium: kimya.

"Deo," akaniambia, "hii moteur ni ya nini?"

"Ya Coccinelle, muzee."

"Ni ya magnésium."

Nabintu alikuwa amekuja kutuletea bugali na sombe, majani ya muhogo. Alielewa kabla yangu. Wanawake ni vile. Akaweka sahani chini.

"Papa, hapana. Usiharibu gari yako juu yetu. Tutachemusha maji kwa kuni, tutafanya namna."

"Kuni gani, mutoto wangu? Ya miguu ya kitanda?" Akajaribu kucheka, ikakataa. Aliweka mukono juu ya ile moteur na machozi ikashuka, mutu muzima, mbele yetu, bila haya. "Nilikuwa nataka kuona Vumilia," akasema. "Njo ile tu." Kisha akapangusa uso na kravati na kuomba chumvi ya sombe.

Sasa sikieni ujinga yetu, juu nilisema nitawafundisha kazi, na ujinga iko ndani ya kazi.

Moteur iko na mafundo fundo. Mushumaa iko ndefu, ya mviringo. Utafanya namna gani? Mutu yeyote wa Kadutu atakujibu: unayeyusha! Kule kuna mafundi wanayeyusha aluminium ya zamani na kumwaga mu udongo, inatoka sufuria. Tukaenda kwa mumoja, Papa Makambo. Ile jina ilikuwa ya utani, ni "matatizo" kwa Lingala, walimupa juu kila siku matatizo ilikuwa yake. Tukamuletea nusu ya moteur, tumeivunja vipande.

"Ni aluminium?" akauliza.

"Ni ndugu yake," Muzee akajibu.

Ndugu! Ilikuwa muchana kweupe, jua ku kichwa. Papa Makambo akapuliza moto, akapuliza. Kwanza hakuna kitu. Halafu ile kitu ikashika moto yenyewe, moto mweupe, mweupe mpaka jua ikaonekana muchafu. Nilifunga macho na bado nikaona. Papa Makambo akafanya ile kila mutu mwenye akili angefanya na moto: akaimwagia ndoo ya maji.

Mawee!

Ilipasuka kama bombe. Mabati ya paa ikaruka, sufuria zikatawanyika mpaka ku barabara. Na wakati ile, munajua, watu walikuwa wamezoea. Hata moshi haijaisha bado, Kadutu nzima ilikuwa inakimbia na matandiko ku kichwa. Nilimuona mwanamuke na mutoto ku mugongo, kuku mu mukono, na radio mu meno, nasema kweli, ameshika kamba ya radio na meno! Wengine walishuka mpaka Nyawera bila kuuliza nani amekuja.

Muzee Cirhuza akatoka mu moshi. Nyusi hakuna. Kravati, nusu. Na basoda wakafika mbio.

"Nani abeti?" chef akapiga kelele. Nani alipiga? "Bozosala bombe awa?" Munatengeneza bombe hapa?

Ilikuwa yule yule chef! Yule alikuta shimo mu Coccinelle. Akaangalia Muzee muda murefu.

"Muzee, weye tena? Munafanya nini?"

Muzee akasimama wima, bila nyusi, akarudisha ile nusu ya kravati mbele. "Chef, tuko natengeneza mushumaa ya kuosha batoto ba masera."

Mbali, kuku wa yule mama akalia. Halafu chef akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na basoda wake wakacheka juu yeye anacheka, na sisi tukacheka juu tuko wazima. "Bokende, bazoba!" akatuambia. Endeni, wapumbavu. Hatukungojea arudilie.

Basi mukariri: magnésium haiyeyushwi mu ua ya mutu. Na ikishika moto, muchanga. Maji, hapana, kamwe.

Tulikaa chini kando ya barabara, tumepoteza nusu ya moteur. Nusu ingine ilibaki. Miye nilitaka kulia. Muzee akanunua brosheti ya mbuzi, ile mishikaki, kwa kijana mumoja ambaye hakukimbia. "Mbuzi yangu ilikuwa karibu kuiva," yule kijana akajielezea. Muzee akashika ile brosheti mbele ya uso. Hakuikula. Akaigeuza. Akavuta nyama moja ku muchuma, akairudisha, akaifinya ku ingine.

"Muzee, inapoa," nikamuambia.

"Deo. Nyama iko vipande. Lakini muchuma iko moja."

Niliona macho yake na nikaelewa, na tuliruka wote wawili pale barabarani kama watoto. Yeye akakimbia na muchuma, nyama nikakula miye. Mutu anafaa kukula.

Njo vile tulifanya. Kukata ile moteur kwa musumeno ya chuma, pole pole, bila kuipasha moto, tunakusanya unga yake na kuificha mu muchanga. Vipande kama vidole viwili. Kila kipande tunatoboa shimo katikati. Halafu tunachomeka ku fer à béton, nondo ya kujengea, moja, ingine, ingine, tunakaza na écrou, ile nati, ku mwisho, na juu tunaunganisha na kichwa ya boulon ya zamani. Siri iko hapa, vijana: kila kipande kigusane na muchuma na nguvu. Nyama ikicheza ku muchuma, hakuna kazi, maji itaiacha na kurudi ku tanki. Muzee alikuwa anashika kila brosheti ku sikio na kuitikisa. Ikilia, anaifungua yote na kuanza upya. Niliona mikono yake inatoka damu na bado anatikisa.

Tukaiweka mu boila ya masera. Tukajaza maji, tukafungua robine ya moto mpaka hewa yote ikatoka, halafu njo courant. Na tukaanza kungojea, ile kungojea mubaya, juu hakuna mutu anaweza kuona ndani ya tanki. Nabintu alikuwa anaenda kunusa maji kila mara anaenda ku consultation ya mimba, tumbo mbele kama ngoma.

Siku tulirudi kuivuta, miye nilibeba kle. Muzee aliomba chai! Hapo nilijua yuko na tumaini. Akainywa yote. Akavuta. Brosheti ikatoka imeliwa, imetobokatoboka, imejaa chokaa nyeupe, mubaya kabisa.

Tulipiga kelele! Tulikumbatiana! Muzee akacheza ngoma ya kwao mu chumba cha boila, na Masera Ponsiana akaingia mbio.

"Kuna nini? Kitu yenu imeoza na munashangilia?"

"Imeoza, Masera! Imeoza muzuri! Inaliwa yeye, tanki haiguswi!"

Masera akafungua robine. Maji ikatoka safi, bila wekundu, na moshi inapanda. Akaweka mikono yote miwili ndani, akaanza kuimba.

Binti yangu Neema alizaliwa asubuhi moja ya mvua, mvua ile ya Bukavu inaanguka kwa upande, na milio ya masasi ilikuwa mbali upande wa Ruzizi. Masera alimushika kama mukate. Miye niliweka mukono mu beseni kwanza, juu sikuamini mutu: maji ilikuwa moto vile vile inafaa. Neema akaingia ndani akilia, na akanyamaza. Akafungua macho. Sijawahi kuwa na furaha ile tena, hata siku ya ndoa yangu, na Nabintu anajua, nilimuambia. Muzee Cirhuza akafika, nyusi zimeanza kuota, akamubeba, akanusa kichwa yake.

"Huyu ananuka Coccinelle," akasema.

Vita ikaendelea, ikaisha kidogo, ikarudi, ninyi munajua. Na sisi kila mara tunakata kipande ingine ya moteur. Ile nusu ikaisha. Tukakata boîte de vitesses, sanduku ya gia, nayo ni magnésium, ndimu ilituambia. Ikaisha vile vile. Watu walikuwa wanamucheka muzee: "Papa, moteur iko wapi?" Na yeye: "Iko mu maji." Watoto wakazaliwa, wakaoshwa, wakatembea. Boila haikutoboka.

Halafu barabara ya plaine ikafunguka. Lori la kwanza kutoka Sange lilifika na nani amekaa juu ya magunia? Maman Vumilia mwenyewe, nywele nyeupe, na gunia yake ya muchele ya Luberizi. Alishuka, akamukumbatia kaka yake mpaka wote wawili wakaanguka juu ya gunia. Akasema:

"Kaka, miaka yote ile nilikuwa nasikiliza barabara. Nasema, leo nitasikia ile moteur. Kwa nini hukukuya?"

Muzee akampeleka mu kiwanja, akamuonyesha gari juu ya mawe, na lile shimo nyuma. Hakujieleza. Nilitaka kumuelezea miye, lakini Masera Ponsiana alikuwa pamoja nasi, na yeye aliondoka bila kuaga. Nikafikiri amehuzunika.

Kumbe! Siku ya Mungu iliyofuata, kisha misa, sauti ikasikika barabarani. Tukatoka. Masera mbele, anaimba, na nyuma yake maman na papa wa mulima wote, kila mutu na mutoto aliyeoshwa mu ile boila, na matairi, na kamba. Wakaweka matairi. Miye nikajaza huile ya frein, mafuta ya breki, na kujaribu frein mara na mara, juu Bukavu ni kuteremka tu, munaijua. Wakatoa Coccinelle ku mawe, wakaisukuma mpaka juu, mpaka pale barabara inaanza kushuka. Walikuwa wengi mpaka wengine walikosa pa kushika na wakashika mugongo ya wenzao.

Muzee akakaa ku usukani, na kravati mupya. Maman Vumilia kando yake, gunia ya muchele ku magoti, juu alisema bila muchele haiko safari. Na nyuma, mu lile shimo ya moteur, capot wazi, watoto walikuwa wamejipanga, miguu inaning'inia inje, Neema wangu katikati.

Muzee akaangalia mu kioo. Nilikuwa nimeshika mulango, niliona anarudisha kravati mbele kwanza. Halafu akapiga kelele, sauti yake ile kubwa ya zamani:

"Moteur iko?"

"Ikooo!" wakaitikia, na wakaanza wote, vrrruuum, na tukaachilia gari.